Karavani imeingia lupangoni, umeme unagoma: dalili, sababu, na mahali pa kusimama

Simu huwa zinafanana. "Fundi, karavani ya mgeni imezima nyumba nzima." "Fundi, kiyoyozi kinanguruma tu, baridi hakitoi." "Papa fundi, nikishika mlango wa gari vidole vinachomwa." Mimi ni fundi umeme hapa Lubumbashi. Kila kiangazi, wasafiri wanapopanda kutoka mpakani Kasumbalesa na wanajiolojia wanaporudisha karavani zao kutoka porini, naitwa kwa matatizo yale yale. Nimeyapanga hapa kwa dalili, maana mwenye shida hajui sababu. Anajua anachokiona, anachokinusa na kinachomchoma.

Majina kidogo kabla hatujaanza. Karavani ni ile inayokokotwa, gari-nyumba ni lile lenye injini yake, na kwa umeme yote ni mamoja. Disjonkteri ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita breka. Diferansieli ni jirani yake kwenye kasha: disjonkteri inalinda waya usiungue, diferansieli inalinda mtu asife. Prizi ni tundu la ukutani, ralonje ni waya wa kurefushia, grupu ni jenereta, nyutro ni waya wa kurudishia umeme, na lupango ni kiwanja cha nyumba.

Kwanza hesabu

Volti mara ampea ni wati. Kwa volti 230, disjonkteri ya ampea 6 inakupa wati 1,380, ya ampea 10 inakupa 2,300, na ya ampea 16 inakupa 3,680. Viwanja vingi vya kambi Ulaya hutoa moja kati ya hizo tatu, na Afrika Kusini utakutana sana na 16 kwenye plagi ya buluu. Hapa kwetu karavani hulala nyuma ya nyumba ya wageni, kwenye gereji, au lupangoni kwa shemeji, na umeme unatoka prizi yoyote iliyo karibu na dirisha.

Soma vibati vya vyombo. Birika la umeme ni kama wati 2,000. Mikrowevu iliyoandikwa 800 inavuta kama 1,200, kwa sababu ile 800 ni joto linaloingia kwenye chakula tu. Kiyoyozi cha paani ni kati ya 1,000 na 1,500 kikiwa kimeshaanza kukimbia. Friji ya karavani ni 120 hadi 200. Usijumlishe kila kitu kilichomo ndani. Jumlisha vile vitakavyowaka pamoja saa moja jioni, mama anapopika, mtoto anapooga maji ya moto na baba anachaji kompyuta. Mtu wa friji, taa na chaja anatosheka kabisa na ampea 6. Anayetaka na birika aombe 10, na azime boila akichemsha chai. Mwenye kiyoyozi na jiko la umeme, 16.

Watu wanakosea mahali pawili. Pa kwanza ni kuamini volti za kwenye karatasi. Jioni mitaani nimepima 190 mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kwa volti 190 zile ampea 16 zinageuka wati 3,040. Pa pili ni kudhani kwamba namba kubwa ni salama zaidi. Kwenye karakana za migodi kuna prizi za buluu za ampea 32, pana kuliko zile za 16. Mtu anatengeneza adapta, anachomeka ralonje yake nyembamba upande wa pili, anafurahi. Lakini disjonkteri ya 32 itauangalia waya wa ampea 16 ukiungua bila kusema lolote, kwa sababu kwake yeye bado mzigo ni mdogo. Adapta ya namna hiyo lazima iwe na disjonkteri yake ya 16 katikati. Na prizi nyekundu usiiguse: buluu ni volti 200 na ushee, nyekundu ni ya fazi tatu, 380 kwenda juu.

Gari-nyumba lililotengenezwa Marekani ni habari nyingine. Plagi yake ya "ampea 30" ni ya volti 120, yaani wati 3,600, pungufu ya zile 16 zetu. Ile ya "ampea 50" ina waya nne na njia mbili za volti 120, jumla wati 12,000, na hakuna prizi ya nyumbani hapa mjini itakayoulisha mzigo huo. Ukiona plagi usiyoijua, soma kibati cha gari. Kikisema 120, usilichomeke kwenye 220 hata kwa sekunde ya kujaribu. Linahitaji transfoma ya kushusha volti, na hata hivyo mota zake zilizozoea hezi 60 zitapata joto kwenye hezi 50 zetu. Kazi hiyo si ya kujifundishia uani.

Sasa twende kwenye dalili.

Unachomeka, inakata papo hapo

Angalia kwanza ni ipi iliyoanguka. Watu wanasema "imekata" kana kwamba ni kitu kimoja.

Kama ni diferansieli, yaani ile yenye kitufe kidogo cha T, umeme unavuja kwenda ardhini. Sababu ninayoikuta zaidi ni maji: plagi imelala kwenye majani usiku kucha, umande umeingia, au imenyeshewa. Ya pili ni waya wa kuchemshia wa boila au wa friji. Karavani ikikaa miezi bila kutumika, waya huo unavuta unyevu ndani yake. Ya tatu ni mivujo midogo kujumlika. Diferansieli ya miliampea 30 ina ruhusa ya kukata popote kati ya 15 na 30. Nyumba yenyewe ikiwa inavujisha 12, chaja mbili za kompyuta na mikrowevu za mgeni zinamalizia kazi, na kila chombo ukikipima peke yake ni kizima. Ya nne, ya nadra, ni inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri) au grupu ya ndani ya gari iliyounganisha nyutro na waya wa ardhi, na muunganiko huo ukabaki hata gari linapokula umeme wa nje.

Jaribu hivi. Zima kila kitu ndani ya karavani, pamoja na swichi kuu. Chomoa, kausha plagi, rudisha. Ikikata tena karavani ikiwa imezimwa, tatizo liko kwenye ralonje au plagi, au kwenye kipande cha waya kinachoingia garini. Isipokata, washa kimoja kimoja, ukianza na taa na kumaliza na boila. Kitakachoiangusha ndicho hicho. Waya wa boila uliovuta unyevu wakati mwingine unapona ukikaushwa, lakini mimi naubadilisha. Bei yake haizidi ya chakula cha wageni wawili.

Kama ni disjonkteri ya kawaida iliyoanguka kwa kishindo, kuna waya mbili zinagusana. Irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, acha. Kila unapoirudisha kwenye shoti, unaipiga nyundo ile sehemu mbovu.

Kuna kisa kinachofanana na hicho ambacho si kibovu: inakata kiyoyozi kinapoanza, si kabla. Mota ya kiyoyozi inapoamka inavuta mara tano au sita ya mwendo wake wa kawaida. Kiyoyozi cha ampea 5 kinaweza kugusa 30 kwa kufumba na kufumbua. Disjonkteri ya ampea 6 yenye herufi B mbele ya namba hukata papo hapo ikionja mara tatu hadi tano ya namba yake, yaani kati ya 18 na 30. Yenye herufi C huvumilia hadi mara tano, hata kumi. Kwa hiyo ukiona B6 na mgeni anataka kiyoyozi, mwambie mapema. Kubadilisha B kuwa C ni uamuzi wa fundi aliyeona urefu wa waya wote, kwa sababu kwenye waya mrefu mwembamba C inaweza kuchelewa kuiona shoti ya kweli.

Inakata baada ya dakika kumi, au nusu saa

Huu ni mzigo kuzidi, mara tisa kati ya kumi za kwangu. Ndani ya disjonkteri kuna bamba linalopinda kwa joto, na kupinda kunachukua muda. Kwa disjonkteri za nyumbani, kiwango kinataka ya 16 iweze kubeba kama ampea 18 kwa saa nzima bila kukata, na ikate ndani ya saa moja ikibeba 23. Ndiyo maana "jana tulitumia vile vile haikukata" si ushahidi.

Lakini mzigo wa nani? Kuna nyumba ya wageni niliyoitwa mwezi wa saba, baridi ya usiku wa Lubumbashi ile inayomfanya mtu avae koti ndani ya nyumba. Karavani ilikuwa na hita moja ya wati 1,500 na friji. Hesabu ilikuwa sawa, disjonkteri ya 16, na bado kila ikifika saa mbili usiku, giza. Mgeni alikuwa ameshaambiwa karavani yake ni mbovu. Nikafuata waya kwa mkono, ukutani, hadi jikoni: prizi ya nje ilikuwa mtoto wa prizi ya jikoni, na juu yake kulikuwa na friza ya samaki na jiko la umeme la sahani mbili. Mama mwenye nyumba alikuwa anapika bukari ya wafanyakazi saa hizo hizo. "Kumbe ni mimi," akasema, akacheka, akazima sahani moja. Karavani ikalala na joto lake.

Basi kabla ya kulaumu gari, zima disjonkteri ile na uone nini kingine kimezimika nyumbani. Hiyo ndiyo hesabu yako ya kweli.

Kama mzigo si tatizo, angalia joto la kasha. Kasha la chuma lililopigwa na jua la mwezi wa kumi linaifanya disjonkteri ikate mapema, maana bamba lake limeshapata joto la bure. Kisha angalia skrubu. Waya uliolegea kwenye skrubu ya disjonkteri unachemka, na joto lile linaingia ndani ya disjonkteri yenyewe. Dalili yake ni plastiki iliyogeuka rangi ya chai upande mmoja. Kukaza skrubu hiyo ni kazi ya fundi, umeme wote ukiwa umezimwa kwenye mita. Mwisho kabisa, disjonkteri yenyewe inaweza kuwa imechoka, hasa iliyokatwa na kurudishwa mara nyingi.

Jambo moja silifanyi hata mteja akinuna: kutoa ya 16 na kuweka ya 25 "ili isisumbue". Nilipokuwa mwanafunzi kwa fundi wangu nililifanya, mara moja, kumridhisha mtu. Waya wa ukutani ulikuwa wa milimita moja na nusu za mraba. Haikukata tena, kweli. Baada ya wiki mbili rangi ya ukuta ilianza kuvimba kufuata mstari wa waya, kama mshipa.

Taa zinafifia, kiyoyozi kinanguruma bila kuanza, birika linachukua muda wote

Hapa ndipo mji wetu unapojionyesha, na hapa ndipo multimita ya bei rahisi inapojilipa. Pima volti mahali patatu: kwenye prizi ya nyumba bila mzigo, kwenye prizi ile ile karavani ikiwa inavuta, na ndani ya karavani ikiwa inavuta. Vipimo vitatu hivyo vinakuambia mwizi wa volti yuko wapi.

Chini tayari kwenye kipimo cha kwanza? Mtaa umelemewa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni majiko ya umeme yanawashwa pamoja, na nyumba ya mwisho kwenye laini inapata makombo. Hakuna plagi wala ralonje itakayoponya hilo. Kipimo cha chini kabisa nilichowahi kuandika kwenye daftari ni volti 171, saa moja usiku. Saa nne usiku, kwenye prizi ile ile, ilikuwa 214. Pika mapema, chaji betri usiku wa manane.

Sawa kwenye kipimo cha kwanza, chini kwenye cha pili? Waya wa ndani ya nyumba ni mwembamba au umelegea mahali. Ukisikia mchirizo ukutani, usiendelee.

Sawa kwenye viwili vya mwanzo, chini ndani ya karavani? Ni ralonje yako. Hesabu inaogopesha kidogo: mita 50 za waya wa shaba wa milimita moja na nusu, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa zaidi kidogo ya ohmu moja. Kwa ampea 10 unapoteza volti kama 12 njiani. Kwa 16 unapoteza karibu 19, na joto la karibu wati 300 linabaki kwenye waya wenyewe. Mita 25 za milimita mbili na nusu, kwa ampea 16 zile zile, unapoteza chini ya volti 6. Ndiyo maana viwanja vya kambi vya Ulaya vimezoea waya wa mita 25 wa unene huo.

Ukinunua waya sokoni, kata ncha na ukwangue kwa kisu. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, mwepesi mkononi, mweupe ndani ukikwangua. Unauzwa kwa unene ule ule na unabeba kidogo zaidi ya nusu tu.

Kwa nini volti za chini ni hatari zaidi kwa kiyoyozi kuliko kwa birika? Birika linapunguza tu nguvu: la wati 2,000 kwa volti 180 linatoa kama 1,225, chai inachelewa, basi. Mota haikubali kupunguza. Kompresa isipoweza kuanza inasimama ikivuta umeme wa kuanzia mfululizo, inanguruma, inachemka, na kama kinga yake ya joto imechoka inaungua. Vyombo vingi vimetengenezwa kuvumilia asilimia 10 chini au juu ya 230, yaani 207 hadi 253. Mpaka wangu mimi: chini ya 200 siwashi kiyoyozi, chini ya 190 siwashi chochote chenye kompresa.

"Basi niweke stabilizateri," yaani kile kifaa cha kusawazisha volti. Weka, lakini ujue stabilizateri haitengenezi umeme. Ili kutoa wati 1,500 kwa volti 230, ampea 6.5, kutoka kwenye laini ya volti 180 unavuta ampea 8.3, mbali na kinachopotea ndani yake. Waya ule ule uliolemewa unalemewa zaidi. Kwa friji ni jambo jema. Kwa kiyoyozi kwenye ralonje ya mita 50 ni kuhamisha moto tu.

Plagi ni ya moto, au kuna harufu ya plastiki

Zima kwenye disjonkteri kwanza, usichomoe plagi ya moto kwa mkono.

Sababu kubwa ni mguso mbaya: pini nyeusi, prizi iliyolegea, adapta juu ya adapta. Nimeona plagi ya buluu ya Afrika Kusini, kisha adapta ya pini tatu za mviringo, kisha adapta ya safari ya uwanja wa ndege, kisha prizi. Kila kiungo ni jiko dogo. Plagi ya kawaida ya nyumbani, hata iliyoandikwa 16, haipendi kubeba 16 usiku kucha. Kwa hita ya usiku, nafunga prizi ya buluu ukutani na waya wake hadi kwenye kasha.

Sababu ya pili ni ralonje ya kuviringisha kwenye gurudumu. Soma maandishi pembeni: kwa kawaida kuna namba mbili, moja ya waya uliofunguliwa wote, nyingine ya waya uliozungushwa, na ya pili ni kama theluthi ya ya kwanza. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Niliwahi kufungua gurudumu ambalo tabaka za ndani zilikuwa zimeshikana kama maandazi yaliyokaangwa yakigusana. Nje lilikuwa safi kabisa.

Plagi iliyoyeyuka haikwanguliwi kwa msasa ikarudishwa kazini. Badilisha, na ubadilishe na prizi yake, maana moja mbovu humharibu mwenzake.

Ukigusa gari unachomwa

Usingoje kumaliza kusoma. Kwanza mwondoe kila mtu karibu, hasa watoto wasio na viatu, na uzime umeme nyumbani kwenye kasha, si kwenye karavani. Usiguse gari wala plagi yake kabla ya kuzima.

Karavani imesimama juu ya mpira. Kitu pekee kinachoshikanisha bati lake na ardhi ni ule waya wa njano na kijani. Ukikatika mahali popote na chombo kimoja kikavujisha, bati lote linangoja mguu wa mtu ulioloa. Mchomo mdogo wa leo si kipimo cha mchomo wa kesho. Leo ardhi ni kavu, kesho mvua imenyesha.

Sababu kwa mpangilio wa nilivyozikuta. Prizi ya nyumba haina waya wa ardhi kabisa, ina matundu mawili tu, au ina pini lakini nyuma yake hakuna kitu. Halafu adapta inayopitisha waya mbili na kuuacha wa tatu. Halafu pini iliyokatwa kwa koleo ili plagi iingie. Halafu fimbo ya ardhi ya nyumba yenyewe: imeoza, au udongo mwekundu umekauka hadi haishiki tena. Mwezi wa tisa nimepima fimbo zilizokuwa nzuri kabisa wakati wa masika.

Unachoruhusiwa kufanya mwenyewe ni kubadilisha ralonje na adapta, na kubonyeza kitufe cha T cha diferansieli umeme ukiwepo. Isipokata, nyumba hiyo haifai kulisha karavani. Usitegemee tesita ya bisibisi kukuhakikishia kwamba gari ni salama. Ikiwaka, amini. Isipowaka, haijathibitisha kitu. Na usifunge waya wa ardhi kwenye bomba la maji wala kwenye nyutro, ingawa kuna watakaokuambia "sisi hufanya hivyo". Nyutro ikikatika nje, bati la gari linakuwa waya wa moto.

Mengine yote hapa ni ya fundi mwenye kipimo cha ardhi. Mimi nikikuta hali hii natoza kidogo na kuondoka nimechelewa, lakini siondoki kabla haijaisha.

Baadhi ya taa zinang'aa kupita kiasi, nyingine zinafifia

Nyutro imekatika upande wa laini, na fazi mbili zinagawana volti 380 kupitia vyombo vyako. Una sekunde, si dakika. Zima swichi kuu, chomoa karavani, mpigie SNEL, shirika la umeme. Hakuna cha kukagua. Kilichoungua kimeungua.

Kwenye grupu: inazima, au kiyoyozi kinaizima

Grupu iliyoandikwa 2.2 kVA haitoi kilowati 2.2 mfululizo. Mara nyingi hiyo ni namba ya kilele cha muda mfupi, na ya mwendo wa kudumu iko chini yake kwenye kibati hicho hicho. Kisha kuna urefu wa mji: Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 hadi 4 za nguvu kila mita 300 unazopanda. Ondoa sehemu ya saba, hivi. Iliyobaki haiamshi kiyoyozi cha paani bila kifaa cha kulainisha mwanzo. Angalia pia chujio la hewa. Vumbi la barabara ya mgodi linakaba injini kuliko unavyodhani.

Na waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, ule wa kuchomeka grupu kwenye prizi ya karavani au ya nyumba, nikiukuta naukata mbele ya mwenyewe. Unarudisha umeme kwenye laini, na kuna mtu juu ya nguzo anayeamini laini imekufa. Grupu iungwe kwa swichi ya kubadilisha, na ikae nje, mbali na dirisha la mlalaji. Moshi wake unaua bila harufu ya kukuamsha.

Imekuwa sawa hadi delestaji (mgao wa umeme). Umeme uliporudi, chaja imekufa

Umeme hurudi kwa kuyumba, unaruka juu, unashuka, wakati mwingine unakata tena. Kompresa nayo inahitaji dakika tatu hivi presha yake ishuke ndipo iweze kuanza upya. Kuna vifaa vidogo vya kuchelewesha vinavyofungwa kwenye plagi ya friji, vinauzwa mjini, na kimoja kikubwa kinatosha karavani nzima ukichagua cha ampea 16. Usipokuwa nacho, umeme ukikatika chomoa karavani. Watoto wa jirani wakipiga kelele kwamba umerudi, hesabu dakika tano, pima, na ikiwa ni zaidi ya 200, chomeka.